Nimetoka kuona Shimo Kubwa la Kimberley. Kwa nini miji yetu ya migodi haina hata chumba kimoja cha kumbukumbu?

#1 Mtembezi_Kusini

Wakuu, salaam.

Nilikuwa Afrika Kusini kikazi, mwisho wa wiki nikapanda gari mpaka Kimberley kuliona lile Shimo Kubwa la mgodi wa zamani wa almasi. Picha nilishaziona miaka mingi, lakini picha hazikuandai. Unatembea juu ya daraja la chuma lililojitokeza ukingoni, unachungulia, na chini kabisa unakuta maji ya kijani. Shimo lina upana wa mita zaidi ya 460 na eneo la hekta 17 hivi. Watu walichimba kwa sururu na beleshi kuanzia Julai 1871, wakafika mita 240, kisha kazi ikaendelea kwa mashimo ya chini kwa chini hadi zaidi ya kilomita moja. Mgodi ulifungwa tarehe 14 Agosti 1914. Udongo uliotolewa ni tani milioni 22.5, na almasi iliyopatikana ndani yake ni kilo 2,720 tu.

Kilichonigusa zaidi ni kituo chenyewe. Kuna mgodi wa kuigiza unaoingia gizani na kusikia baruti ikilipuka, kuna chumba cha chuma chenye almasi halisi, kuna mtaa wa zamani wenye kanisa, baa na ofisi ya mnunuzi wa almasi, nyumba za mabati ambazo nyingine zilihamishwa kutoka mitaa mingine ya mji ili zisibomolewe. Wanafunzi walikuwepo na mwalimu wao, kila mmoja na daftari.

Nikawaza kwetu Tanzania: Mwadui ya almasi, na Geita ya zamani, Chunya na Sekenke za dhahabu. Tuna miji iliyojengwa na madini kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mtoto wa Shinyanga akitaka kujua babu yake aliishije mgodini, aende wapi? Kwa nini wenzetu wanacho na sisi hatuna? Naomba majibu ya watu wanaoijua hiyo miji.

#2 Kipara_cha_Mwanza

Mkuu umetuletea shimo la hekta 17 bila picha hata moja. Weka picha, mengine baadaye.

#3 Mwamba_Bluu

Uzi mzuri. Niongezee upande wa miamba, maana ndiyo sababu Kimberley na Mwadui ni ndugu.

Almasi zote mbili zimepandishwa na volkano za aina moja, mwamba wake unaitwa kimberlaiti kutokana na huo mji. Unatoka kina cha zaidi ya kilomita 150, unapasua ardhi na kuacha umbo kama faneli iliyojaa mawe. Pale Kimberley mmomonyoko wa mamilioni ya miaka umekula sehemu ya juu yote, ikabaki shingo nyembamba, ndiyo maana shimo lao ni refu kwenda chini. Mwadui mdomo wa volkano bado upo, hekta 146 juu ya ardhi, ndiyo maana wetu ni mgodi mpana wa wazi.

Jambo jingine: wale wa 1871 walianza na udongo wa njano, laini. Walipokuta mwamba mgumu wa bluu chini yake wengi walidhani almasi imeisha, wakauza viwanja vyao kwa bei ya kutupa. Kumbe wa bluu ndio mwamba mama. Waliobaki wakatajirika.

#4 Maganzo_Njiapanda

Mleta uzi, mimi nimezaliwa Maganzo, nje kabisa ya geti la Mwadui. Baba alifanya kazi kiwandani humo. Jibu langu ni jepesi: Kimberley ule mgodi ulikufa 1914, Mwadui haujafa. Mgodi ukiwa hai hakuna mtu anayekuruhusu uzungukezunguke ndani ukitazama nyumba za zamani. Ulinzi, kadi, upekuzi. Sisi tulikuwa tunaona taa za Mwadui usiku na hatujui ndani kuna nini mpaka uwe na mzazi mfanyakazi. Hospitali, shule, uwanja wa ndege, klabu, vyote vilikuwa ndani.

Vitu vipo. Nyumbani kwetu kuna kofia ya baba, taa yake ya kichwani, kadi ya kazi na picha ya timu ya zamu. Nyumba nyingi za Maganzo utakuta hivyo hivyo. Ila hakuna wa kumpelekea.

#5 Nyaraka_Mama

#4 nakubaliana nusu. Kufungwa kwa mgodi peke yake hakuleti makumbusho. Geita ya kwanza ilianza miaka ya 1930 ikafungwa 1966. Miaka mingi ilikaa imekufa kabla wawekezaji wapya hawajaja. Kiko wapi kituo?

Nimefanya kazi na nyaraka maisha yangu yote na naamini tatizo ni nani aliyetunza karatasi. Kimberley ilikuwa na kampuni moja, De Beers, tangu 1888, na kampuni hiyo ilikaa hapo zaidi ya karne. Picha, ramani, daftari za mishahara, vyote vilibaki kwenye kabati zilezile. Mwadui angalieni mfululizo: Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi 1940, akafariki 1958, hisa zikaenda nusu kwa De Beers nusu kwa serikali ya Tanganyika, 1971 ikataifishwa yote, miaka ya 1990 De Beers wakarudi, 2009 wakaja Petra. Kila makabidhiano kuna makabati yanayofunguliwa na karatasi zinazochomwa, na wanaojua faili lipi lina nini wanastaafu.

#6 Bloem_Bongo

Wakuu, nipo Bloemfontein mwaka wa kumi sasa, naomba nirekebishe kidogo kwenye #1 kabla halijawa msemo. Huko Kimberley miaka yote walijinadi kuwa shimo lao ndilo kubwa kuliko yote yaliyochimbwa kwa mikono duniani. Mwaka 2005 mtafiti mmoja wa hapohapo Kimberley alipekua kumbukumbu za zamani akaonyesha kuwa Jagersfontein, huku Free State, walichimba kwa mikono kina kikubwa zaidi, na Bultfontein pia. Hoja yake ni kwamba si mita zote 240 zilizochimbwa kwa mikono kama tunavyoielewa.

Jagersfontein ndiko ilikotoka Excelsior mwaka 1893, jiwe la karati zaidi ya 970. Na bado mji umebaki mdogo, wa huzuni. Septemba 2022 bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka pale, tope likabeba nyumba na watu. Novemba mwaka uleule bwawa la Mwadui nalo likapasuka, tope likaingia mashambani. Hayo nayo ni urithi wa mji wa madini, na sijui kama kuna kituo kitakachoyaweka ukutani.

#7 Mtembezi_Kusini

Bloem_Bongo asante. Sikuandika kuwa ni kubwa kuliko yote, soma tena. Nimeandika sururu na beleshi, na hivyo ndivyo maelezo ya pale yanavyosema kuhusu mwanzo wake. Lakini la Jagersfontein nalichukua, maana linathibitisha hoja yangu: Jagersfontein ana shimo na ana jiwe maarufu, Kimberley ana shimo na ana kituo, na dunia nzima inamjua Kimberley.

Nyaraka_Mama umenipa cha kufikiria. Swali: karatasi za Mwadui za kabla ya 1971 haziwezi kuwa zimebaki kwa wenzetu wa kusini?

Kipara, picha zinakataa kupanda. Najaribu tena usiku.

#8 Kiwira_Juu

Mnazungumzia almasi tu. Sisi wa Rungwe historia yetu ya migodi iko kwenye miguu ya wazee. Kwanza walikuwa wanatembea hadi Lupa, Chunya, dhahabu ilipochacha miaka ya 1920 na 1930. Baadaye ikaja Wenela, lile shirika lililoandikisha wafanyakazi wa migodi ya Afrika Kusini. Babu yangu mzaa mama alichukuliwa na Wenela miaka ya 1950, akashushwa kwenye mgodi wa dhahabu Transvaal. Alirudi na sanduku la bati, blanketi, baiskeli na Kifanakalo, ile lugha ya mgodini ya kuamrishana. Alikuwa akikasirika anafoka kwa Kifanakalo, bibi anamjibu kwa Kinyakyusa, na sisi wajukuu tunakimbilia migombani.

Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ikapiga marufuku uandikishaji ule. Wazee wengi walilalamika, maana ile ndiyo ilikuwa njia ya kupata mahari na mabati. Leo waliobaki ni wachache sana. Nikisikia kituo cha kumbukumbu nafikiria lile sanduku la bati kuliko mitambo.

#9 Rosterman_254

Hamjambo majirani. Hapa Kakamega tuko na Rosterman. Dhahabu ilipatikana 1931, na mwaka uliofuata Wazungu walijaa huku na mahema kila mto. Jambo moja watoto wetu hawafundishwi vizuri: mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ikiahidi kuwa ardhi ya Waafrika ikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine ya kiasi hicho. Dhahabu ilipoonekana, Desemba 1932 wakaibadilisha sheria hiyo wakasema pesa inatosha. Haikumaliza hata miaka mitatu.

Mgodi ulifungwa 1952. Kilichobaki ni mashimo, na vijana wanaingia humo hadi leo wakitafuta gramu mbili tatu. Ukiniuliza kwa nini hakuna makumbusho, nitakwambia ni kwa sababu hakuna anayetaka kuandika ukutani jinsi hiyo ardhi ilivyochukuliwa. Makumbusho inakulazimisha utaje majina.

#10 Binti_Simanjiro

Nimesoma yote, na naomba niende kinyume. Mleta uzi umesifu chumba cha almasi na baa ya zamani. Kompaundi je? Ulizionaje?

Kwa ambao hawajui: kuanzia 1885 wafanyakazi Waafrika pale Kimberley walifungiwa kwenye kambi zenye ukuta muda wote wa mkataba. Juu ya ua waliweka nyavu ili mtu asirushe almasi nje. Mkataba ukiisha walikaa siku kadhaa wamevuliwa nguo, wamefungwa glavu za ngozi mikononi, choo chao kinakaguliwa, ndipo waachiwe. Tunaambiwa ilikuwa ni kwa sababu ya wizi. Lakini mwaka 1884 wachimbaji Wazungu waligoma kukataa kuvuliwa nguo na kupekuliwa, baadhi wakapigwa risasi wakafa, na mwishowe Wazungu wakasamehewa upekuzi huo. Waafrika wakajengewa kompaundi. Kama hofu ingekuwa ni wizi pekee, mwizi ana rangi?

Kwa hiyo kabla ya kulilia kituo, tuulizane kitasimulia habari ya nani. Kuwa na nyumba nzuri inayomsifia mwenye kampuni ni hasara kuliko kutokuwa nayo.

#11 Mtembezi_Kusini

Binti_Simanjiro, kompaundi zipo kwenye maelezo, picha zipo, na ndipo niliposimama kwa muda mrefu kuliko kwenye almasi. Lakini nakiri hoja yako kwa upande huu: chumba cha almasi kina mwanga na watu, ukuta wa kompaundi una watu wachache. Kimberley ina zaidi ya hilo shimo. Nyumba ya Sol Plaatje ipo mtaa wa Angel, imehifadhiwa. Alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa ANC mwaka 1912, na alipigania ardhi mpaka Uingereza. Watu wanamaliza shimoni, wanakula, wanaondoka, hawafiki pale.

#12 Bloem_Bongo

Na mkumbuke simulizi ya ugunduzi. Wanaimba jina la Rawstorne na kundi lake la kofia nyekundu. Kwa simulizi ya pale, aliyeleta almasi za kwanza mkononi alikuwa mpishi wao Mwafrika, Damon, aliyekuwa ametumwa kilimani kuchimba kama adhabu. Na ile Nyota ya Afrika Kusini ya 1869, karati zaidi ya 83, iliokotwa na mchunga kondoo wa Kigriqua. Akaibadilisha kwa kondoo 500, ng'ombe 10 na farasi. Pale aliona ametajirika, na kwa kipimo cha kijijini kwake kweli alitajirika.

#13 Maganzo_Njiapanda

Na kwetu je? Wazee wa Maganzo wanasimulia mengi kuhusu Williamson. Wengine wanasema ni gari lilikwama tope, wengine wanasema alikaa chini ya mbuyu akaokota jiwe, wengine wanasema alionyeshwa na wenyeji. Kila ukoo una toleo lake, na kila ukoo una uhakika. Ile almasi ya waridi ya 1947, karati 54.5 kabla ya kukatwa, iliyopelekwa Uingereza kwa Elizabeth akiwa bado binti mfalme, nayo ina hadithi zake.

Hapo ndipo ninapomjibu dada wa Simanjiro: tusubiri mpaka tukubaliane kisa ni cha nani? Wanaokijua wanazikwa. Kusanya kwanza, gombana baadaye.

#14 Binti_Simanjiro

Sijasema tusubiri. Ila sisi tuna ukuta wa migodi ya tanzanite Mirerani wa 2018, kilomita zaidi ya 24, geti moja, upekuzi. Najua sababu zake, madini yalikuwa yanatoroshwa na mapato yameongezeka, sibishi. Nasema tu nikisoma habari za Kimberley ya 1885 nafikiria wana-Apolo, wachimbaji wetu, wanaopanga foleni pale getini, na naona hilo ni jambo la kuandikwa sasa hivi na wao wenyewe, kabla mtu mwingine hajawaandikia. Maonyesho ya tanzanite nimeyaona Arusha mjini, ni mazuri, ni ya watalii. Mirerani kwenyewe hakuna.

#15 Ndugu_wa_Lushi

Salamu toka Lubumbashi. Miye ni mtoto wa Gécamines, kampuni ya shaba ya huku, baba na babu wote walikula mkate wake, ikiitwa Union Minière na baadaye Gécamines.

Huku kwetu kampuni ilianza kama huko Kimberley, kuleta wanaume peke yao kwa mkataba mfupi. Walikufa wengi na wengine walikimbia. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili: lete mke, zaa watoto, kaa kambini, pata chakula, shule, matibabu. Ndiyo sababu Kiswahili kimekuwa lugha ya mama huku, kilikomaa katika zile kambi. Lakini ulipwe na kampuni, utibiwe na kampuni, hata mkeo akijifungua kampuni inaandika. Ni ukuta pia, ila hauonekani.

Kuhusu swali: mwaka 2000 walimu wa chuo kikuu chetu walianza kazi waliyoiita Mémoires de Lubumbashi. Walizunguka mitaani wakarekodi wazee, wakaomba watu walete vitu vya nyumbani, baiskeli, redio, mashine ya kushona, picha za arusi, wakafanya maonyesho. Watu walikuja kutazama vitu vya majirani zao. Haikuhitaji shimo wala almasi. Ilihitaji mtu mwenye subira na kinasa sauti.

#16 Nyaraka_Mama

#15 umeniliza kwa furaha. Hilo ndilo. Na sisi tunayo Bujora, pale Kisesa karibu na Mwanza. Ilianzishwa miaka ya 1950 na padri mmoja, David Clement, pamoja na Wasukuma wenyewe, ngoma zao na viti vyao vya enzi, na ipo mpaka leo. Kutoka Bujora hadi Shinyanga si mbali. Kwa nini wazo lile lilifika kwenye ngoma na utemi likakomea hapo, lisiguse almasi, wakati almasi ilikuwa ikichimbwa katikati ya Usukuma miaka hiyohiyo? Labda tuliona ngoma ni yetu na mgodi ni wa mzungu. Ni dhana yangu, sina karatasi.

Kuhusu kilichoulizwa #7: ndiyo, yawezekana kabisa nyingine ziko kusini. Mtu angetakiwa kuandika barua.

#17 Rupia_ya_Tabora

Nani amegusa Sekenke? Mleta uzi ameitaja akapita. Sekenke, Iramba, Wajerumani walichimba dhahabu tangu 1909. Vita vya Kwanza vilipowakata na Ulaya, mwaka 1916 walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 kwenye karakana ya reli Tabora, upande mmoja tembo na milima nyuma yake, na dhahabu ilitoka Sekenke. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaigombania kwenye minada. Ukienda Tabora ukauliza ilipokuwa karakana, wengi watakushangaa.

Kwa hiyo si kweli kwamba hatuna cha kuonyesha. Cha kuonyesha kimeuzwa, au kiko kwenye makabati ya watu wasiojua Sekenke iko wapi.

#18 Chuma_Chakavu_Dodoma

Mnakwepa sababu ya wazi kabisa. Mitambo yote ya zamani ilikatwa ikauzwa kilo. Mimi niko kwenye biashara ya chuma chakavu, nimeona winchi, behewa, boila zikiletwa vipande. Mtu ana njaa, chuma kina bei. Kimberley zile nyumba za mabati walizisogeza, huku bati linaezekea banda la mbuzi.

#19 Mwamba_Bluu

Chuma umesema kweli, lakini Wales na Cornwall nako kuna umaskini baada ya migodi kufungwa na bado wametunza. Blaenavon, mgodi wa makaa wa Big Pit ulifungwa 1980, ukafunguliwa kwa wageni 1983. Wanaokushusha mita 90 chini ni waliokuwa wachimbaji. Wanakuachisha simu, saa, kiberiti na kila chenye betri juu, kama sheria ya mgodi wa makaa inavyotaka. Ni ajira kwa wazee wa mgodi. Je, wazee wa Mwadui wasingeweza?

#20 Kipara_cha_Mwanza

Wangeweza, na wangesimulia na Mwadui FC ikiwa Ligi Kuu. Kituo kisicho na jezi ya Mwadui sitalipa kiingilio.

#21 Maganzo_Njiapanda

Kipara jezi ninayo. Na nimeongea na wazee wawili leo jioni kuhusu huu uzi. Mmoja anasema yuko tayari kurekodiwa ila kwanza anauliza je, wabeshi nao wataandikwa? Yaani wale waliokuwa wanaingia usiku kutafuta almasi kwenye mabaki. Anasema bila wao Maganzo isingekuwepo. Mwingine akakataa kabisa, anasema wezi wasiwekwe ukuta mmoja na wafanyakazi. Wameachana bila kuagana vizuri.

#22 Kiwira_Juu

Wabeshi waandikwe. Hata Wenela walikuwa na watoro.

#23 Rosterman_254

Huku kwetu ukiwatoa hao hubaki na mtu wa kuandika.

#24 Dada_wa_Safari

Nisamehe kuingilia kati. Nataka kupeleka wanangu likizo ya Juni. Mtembezi, watoto wa miaka 8 na 11 wataelewa? Na njia je?

#25 Mtembezi_Kusini

Dada, wataelewa. Mgodi wa kuigiza una giza na kelele za baruti, mdogo mshike mkono. Daraja lina kingo imara. Mwonyeshe na jiwe la Eureka, la kwanza kabisa, lililookotwa na kijana karibu na Hopetown mnamo 1867. Kutoka Johannesburg kwa gari ni karibu kilomita 480, saa tano hadi sita, njia ni nzuri. Juni asubuhi ni baridi kali, bebeni makoti. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi. Ukifika tenga na saa moja ya nyumba ya Plaatje.

Maganzo, nitumie ujumbe wa faragha. Nina kinasa sauti na nina likizo Agosti. Tuanze na huyo mzee aliyekubali, na yule aliyekataa tumwombe naye arekodi sababu zake za kukataa.